Meza ya Chumba cha Nyuma

Naeem alipokuja Ngara siku ile alikuwa amevaa miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwepo. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Hilo peke yake lilimtosha Bi Shahida. Alikuwa ameketi barazani akichambua mchele kwenye ungo, akamtazama mtoto wa kakake akishuka kwenye gari kubwa jeupe alilolisimamisha katikati ya njia, wenye mikokoteni wakimpigia kelele nyuma, naye hasikii au anajitia hasikii. Akanyoosha shati. Akaangalia kushoto na kulia kama anayengojea kupigiwa makofi. Lo! Kijana huyu alizaliwa na adabu zake zote, Shahida alikuwepo, sijui zilimpotelea wapi.

Nyuma yake walishuka wawili. Mmoja binti mrefu aitwaye Maureen, ambaye kazi yake ni kupamba nyumba za watu wasiojua wanachokipenda. Wa pili ni Dan, mwenye pesa, au mwenye kujuana na wenye pesa. Shahida hakuona tofauti. Wote watatu wakapanda ngazi na viatu vyao mpaka kwenye baraza aliyoipiga deki asubuhi.

"Shikamoo, Shangazi," akasema Naeem.

"Marahaba. Viatu."

"Ah, Shangazi, tunapita tu."

"Niaje, mathe," akasema Dan kwa furaha. Shahida hakuitika. Hakujua kama amesalimiwa au amesukumwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao. Aliijenga Mzee Nassoro, babu yake Shahida, aliyekuja kutoka Mombasa na mafurushi yake ya kanga na madebe yake ya samli, wakati Nairobi ilikuwa bado mahema na tope. Udongo mweusi wa Ngara ukinyeshewa hufura na kumeza kila kitu, basi mzee akaipandisha nyumba juu ya nguzo za mvule, akaiezeka mabati, akaweka duka mbele na vyumba nyuma. Wafanyabiashara wenziwe wakajenga zao pale pale, safu nzima. Sasa zile zote zimebomolewa, pamesimama magorofa ya wapangaji, chini maduka ya jumla, na vibanda vya nguo vimejaa mpaka kwenye mfereji. Imebaki hii moja, imebanwa huku na huku, jua lenyewe huipata kwa kuibia. Shahida alizaliwa humo, akaolewa akitoka humo, akafiwa na mume akarudi humo. Hakuwa na mahali pengine, na hakupataka.

Na sasa huyu bwana mdogo amekuja kumtoa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba ni urithi, haijagawanywa, na mkubwa wa ukoo ni Abdulrauf, kakake Shahida, babake Naeem. Neno lake ndilo neno. Abdulrauf alikuwa mzee sasa, macho yamemwishia kwa presha ya macho, anakaa Lavington kwa mwanawe, kwenye chumba kizuri chenye televisheni asiyoiona. Naeem alitaka nyumba iwe mkahawa. Si mkahawa wa chai na mandazi, hasha. Mkahawa wa turathi, wa kuuza biriani kwa watu ambao hawajawahi kutia mguu Ngara, na mlangoni awekwe bawabu wa kuwazuia watu wa Ngara wasiingie. Shahida angetafutiwa nyumba Kabiria, pembeni mwa mji. "Kuna maji saa zote, Shangazi," Naeem alimwambia, kana kwamba yeye ni ng'ombe wa kuulizwa maji. Kilichobaki ni Abdulrauf kutamka "ndiyo" mbele ya mashahidi na Fatiha isomwe. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuvunja neno lililosomewa Fatiha. Ikishasomwa, nyumba imekwenda.

"Hapa, Dan," Naeem alikuwa akisema, mkono umewekwa kwenye nguzo ya baraza, "ndipo babu yangu alipoanzia. Pembe za ndovu. Misafara. Masultani walikuwa wanakuja kulala hapa."

Shahida alitema punje ya mchele aliyokuwa akiipima kwa meno. Mzee Nassoro hakuwahi kuona pembe ya ndovu ila iliyokuwa bado kwenye ndovu. Aliuza samli, kanga, mafuta ya taa na sindano. Sultani gani alale Ngara, atafute nini? Mbu?

"Sultani kabisa?" akauliza Dan.

"Kabisa, bro. Tutaandika ukutani."

Wakaingia ndani. Shahida akaweka ungo chini akawafuata, maana watu wa namna ile wakiachwa peke yao hushika vitu. Na kweli walishika. Walishika taa ya chemli, wakashika mswala wa marehemu mama yake, Maureen akaugeuza juu chini atazame kama una nembo. Mwisho wakafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Hapa yafaa nikwambie chumba hicho ni chumba gani, maana wao hawakuuliza.

Huko pwani, katika nyumba za zamani, mtu akifa huoshwa nyumbani kwake. Huchimbwa kijishimo kwenye sakafu ya udongo, kitanda cha kamba kikawekwa juu yake, maji yakaingia ardhini, shimo likafukiwa. Lakini nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo utaichimba wapi? Mzee Nassoro akamwita fundi, akamtengenezesha kitanda cha mbao ya mvule, kirefu, kipana, chenye miguu mizito. Juu kimeinamishwa kidogo, upande wa kichwa juu, upande wa miguu chini. Katikati kina kijifereji, na mwisho wa kijifereji pana tundu. Chini ya tundu ubao mmoja wa sakafu hufunuka, na maji hushuka mpaka kwenye udongo chini ya nyumba. Watu wa pwani waliofia Nairobi, wenye ndugu na wasio na ndugu, wakaletwa pale. Wanaume walioshwa na wanaume wenzao, wanawake waliowaosha ni bibi yake Shahida, kisha mama yake, kisha yeye. Siku hizi msikiti una meza yake ya chuma, wengi hupelekwa huko, lakini bado wako wazee wanaousia: mimi mnipeleke kwa Bi Shahida. Na kila baada ya kazi kitanda husuguliwa kwa sabuni, kikamwagiwa maji ya waridi, kikafunikwa shuka nyeupe.

Maureen akaivuta shuka.

"Wee!" akasema. "Naeem! Hii meza ni moto! Ona hii mbao! Kitu kama hii hupati tena Nairobi."

"Ni ya babu," akasema Naeem papo hapo, na hakuwa ameiona maishani mwake. "Meza ya... ya kukatia vitambaa. Unaona huu mfereji? Mkasi ulikuwa unapita hapa."

"Na hii shimo?"

Naeem akalitazama tundu. Shahida akamtazama Naeem akilitazama tundu. Ilikuwa raha ya aina yake kumwona mtu akitafuta uongo.

"Ya kamba," akasema. "Ya kupimia. Walikuwa wanashusha jiwe."

"Ona, hata sakafu inafunguka!" Dan alikuwa amepiga magoti, ameinua ule ubao, anachungulia chini. "Hapa ndio alikuwa anaficha mali! Tunaweka kioo juu, tunaweka taa ndani, watu wanapiga picha."

"Naeem," akasema Shahida. "Hicho si cha vitambaa. Mama yako..."

"Shangazi, tafadhali." Akamwinulia kiganja kama askari wa barabarani. "Wewe umekaa na hivi vitu mpaka huvioni tena. Tuachie sisi tunaovijua thamani."

Basi Shahida akafunga mdomo. Akaufunga kabisa, kama mlango. Alitaka kumwambia kwamba mama yake mwenyewe, Sahar, alilazwa pale. Kwamba babake aliomba amwoshe mkewe kwa mikono yake, ni haki yake katika dini, na Shahida ndiye aliyekuwa akimsogezea maji. Naeem alikuwa mvulana wa shule ya bweni, zile za wenye pesa. Walipomfikisha Nairobi mazishi yalikuwa yamekwisha. Alilia barazani mpaka jioni, kisha akaomba chipsi. Haya, na leo huyo mla chipsi ndiye anayejua thamani ya vitu! Shahida alimwangalia toka kwenye miwani mpaka kwenye viatu, na kile alichokisikia kifuani hakikuwa hasira. Hasira humpa mtu heshima kidogo. Hii ilikuwa dharau tupu, na ilimkaa vizuri.

"Tutaipeleka kwa fundi aing'arishe," akasema Naeem.

"Chukueni," akasema Shahida. "Kikihitajika mtakirudisha."

"Nani atakihitaji, Shangazi?"

"Kila mtu," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Karamu ilipangwa Jumatatu moja ya sikukuu ya serikali, mchana, Lavington. Gari lilitumwa kumchukua Shahida. Langoni bawabu alimwangalia buibui lake akamwonyesha kimlango cha pembeni, kile wanachopitia mayaya na wakata majani. Shahida hakubishana naye. Alisimama tu mbele ya lango kubwa akamtazama, akamtazama, mpaka yule bwana akalifungua.

Ndani ya wiki zile alikuwa amejaribu mara kadhaa kuzungumza na kakake. Abdulrauf hana simu anayoiweza, hupigiwa kwa simu ya Naeem, na Naeem kila mara alikuwa na jibu: Baba amelala, Baba yuko bafuni, Baba ameenda kliniki. Kwa hiyo Shahida alikuja akiwa na nia moja. Kabla ya Fatiha, amnong'oneze kakake sikioni: usinitoe nyumbani kwetu. Maneno hayo tu. Alikuwa ameyakariri njia nzima.

Akaingia ukumbi wa kulia chakula, akasimama mlangoni.

Kilikuwa pale. Kimeng'arishwa kwa vanishi mpaka kinamulika kama kiatu cha bwana harusi. Miguu ile ile, mbao ile ile, kijifereji kile kile. Juu yake zimepangwa sahani, bilauri, vijiko vikubwa kwa vidogo, kachumbari, achari ya embe, na katikati sinia la biriani linafuka moshi. Kwenye tundu Maureen alikuwa amechomeka maua meupe, vikonyo vinaning'inia chini.

"Umeiona, Shangazi?" Naeem alikuwa amekenua meno yote. "Hukuamini!"

"Siamini hata sasa," akasema Shahida.

Kile si najisi, yeye alilijua hilo kuliko wao. Kilikuwa safi kuliko meza nyingi alizowahi kulia. Lakini jamani! Kuna mtu anayetandika chakula kwenye jeneza kwa kuwa mbao yake ni nzuri? Alivuta kiti akakaa. Alikuwa amefunga, ilikuwa Jumatatu na yeye havunji saumu zake za sunna za Jumatatu kwa karamu ya mtu. Akasema hivyo, wakamwondolea sahani. Akashukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumjalia dini yenye faida ya papo kwa papo.

Kisha akaingia Mwalimu Twahir.

Huyu alikuwa mwalimu wa madrasa kule Ngara, mwenye kanzu iliyopigwa pasi na tumbo lililotangulia mbele yake. Naeem alimwalika aje asome Fatiha. Na Twahir alikuwa ameosha wanaume kwenye mbao ile mara nyingi, alikijua kile kitanda kama anavyojua kilemba chake. Alipokiona alisimama wima. Akamtazama Shahida, Shahida akamtazama yeye. Haya, mwanachuoni, sema. Wewe ni mwanamume, wewe una ndevu, wewe utasikilizwa. Sema!

Twahir akafumbua kinywa. Sinia likasogezwa wakati huo huo, harufu ya iliki na nyama ikamfikia. Akakifumba kinywa. Akavuta kiti upande ule ambao, kwa kumbukumbu zake, ulikuwa na afadhali, akakunja mkono wa kanzu.

"Bismillahi," akasema.

Ya Rabbi, tumbo hili! Shahida alimhesabia Naeem ujinga wake, maana mjinga hajui. Huyu je? Huyu alijua na akala. Alichagua hata paja.

Abdulrauf aliletwa mwisho, ameshikwa mkono. Alikuwa amekonda. Walimkalisha upande wa miguuni, mbele ya maua, kwa kuwa Naeem mwenyewe alikuwa ameshakalia upande wa kichwani kama mwenyeji, viwiko vyote viwili juu ya mbao, Dan kuliani kwake na Maureen kushoto. Shahida alikuwa mbali na kakake kwa kiti cha Twahir, na Twahir akila hasogei.

"Shahida yuko?" akauliza Abdulrauf.

"Niko, Kaka."

"Afadhali umekuja. Naeem ameniambia umechoka. Ameniambia ile nyumba imeoza, chumba cha nyuma kinavuja, wewe mwenyewe umemwomba akuhamishe."

Ebo! Shahida akamgeukia Naeem. Naeem akajishughulisha na kachumbari.

"Tutazungumza, Baba," akasema haraka. "Kwanza tule. Kisha Mwalimu atatusomea Fatiha na wewe utasema lile neno lako, sawa? Dan yuko hapa kushuhudia."

"Mzee, tutakutengenezea kitu safi sana," akasema Dan. "Jina la familia litawaka Nairobi yote!"

Na katika kuonyesha jinsi litakavyowaka alirusha mkono, akapiga jagi la maji, jagi likalala.

Maureen akapiga ukelele, akadaka kitambaa. Lakini maji hayakutawanyika. Hayakumlowesha mtu. Yalijikusanya yenyewe yakaingia kwenye kijifereji, yakateremka katikati ya meza, yakapita chini ya sinia, yakapita baina ya sahani, mpaka kwenye maua. Pale yakazunguka vikonyo, yakaanza kushuka chini kwenye sakafu ya marumaru.

"Mnaona?" Naeem alipiga kofi, anacheka. "Hii meza inajisafisha! Wazee walikuwa na akili!"

To. To. To. Ndivyo yalivyotona.

Abdulrauf alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani. Aliinamisha kichwa, akatega sikio, na mkono wake ukatoka ukapapasa mbao mbele yake. Ukakuta kijifereji, ukakifuata pole pole, ukakuta maua, ukayatoa ukayaweka kando. Kidole chake kikaingia tunduni, kikauzunguka ukingo wake.

"Shahida," akasema. "Nani amekufa?"

Twahir aliacha kutafuna.

"Baba!" Naeem alicheka tena, kicheko kimepungua. "Hakuna aliyekufa. Dan amemwaga maji tu. Hii ni ile meza ya babu ya kukatia vitambaa, si nilikuambia?"

Abdulrauf hakumgeukia. "Nasikia maji yanatona. Mbona hamkunambia? Ni mwanamume au mwanamke? Kama ni mwanamume nipeni mkono niende nikasaidie."

Dharau ya Shahida, aliyokuja nayo kutoka Ngara imejaa kifua, ilimwacha kwa muda. Kakake alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya kanzu.

"Hakuna maiti, Kaka," akasema, na sauti yake mwenyewe aliiona imekuwa ndogo. "Kaa. Hapa ni kwa Naeem. Wametandika chakula."

"Wametandika chakula wapi?"

"Hapo juu yake."

Mzee akaiweka mikono yote miwili kwenye mbao, viganja chini, na akaiacha hapo.

"Nilimwosha Sahar hapa," akasema. "Kwa mikono hii. Ulikuwa ukinisogezea maji, nami nikawa namimina, na yale yaliyoshuka nikayasikia chini ya nyumba, vivi hivi. Nikajiambia, yakiacha kutona nitakuwa sina mke tena. Nikaendelea kumimina. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukasema basi, Kaka, inatosha."

"Ni kweli," akasema Shahida.

Maureen, aliyekuwa ameshika kitambaa cha kufutia, alikiachia kikaanguka. Dan alikuwa na mfupa mdomoni, hajui autafune au autoe. Akautoa. Akaangalia kucha zake, akaiangalia sahani, akasukuma kiti nyuma polepole.

"Sahar ni nani?" akanong'ona.

Angejibiwa na nani?

"Mwalimu Twahir yuko?" akauliza Abdulrauf.

"Niko, Mzee."

"Unakula?"

Twahir akameza, na kila mtu alikisikia kile alichokimeza kikishuka. "Mzee, wenyeji walipokwisha kukaribisha, nikaona si adabu..."

"Soma Fatiha."

Na hapa, wallahi, hapa ndipo Shahida alipoona kwamba mtu anaweza kuanguka na akaendelea kuanguka. Kwa maana Naeem, uso umempauka, jasho limemtoka juu ya mdomo, alishtuka akanyanyua kichwa, na kwa mazoea tu ya mfanyabiashara akauliza:

"Ya nyumba, Baba?"

"Ya mama yako," akasema Abdulrauf.

Twahir akasoma. Alisoma vizuri, hilo asinyimwe. Aliomba na dua ndefu, maana aliona haya, na mwenye haya huomba sana. Walipoitikia Amin, Abdulrauf alijifuta uso.

"Lile neno langu mnalolingoja ni hili. Nyumba hiyo haigeuzwi. Hiki kirudi mahali pake leo, na mimi nirudi nacho. Shahida, chumba cha nyuma kinavuja?"

"Hakivuji, Kaka. Hata siku moja."

"Nilidhani hivyo."

Dan alikumbuka ghafla kwamba ana mkutano, siku ya sikukuu. Maureen akamfuata, viatu mkononi, sijui kwa nini aliona afadhali kuvivulia hapo. Twahir alibaki kidogo mlangoni, akazunguka, akarudi, akamwinamia Shahida.

"Bi Shahida," akasema kwa sauti ya chini, "na hii biriani? Maana nyingi haijaguswa, itakuwa israfu."

"Toka," akasema Shahida.

Akatoka.

Basi wakabaki watatu. Abdulrauf alikuwa bado ameweka viganja vyake kwenye mbao, midomo inasoma kimya kimya. Shahida akasimama. Alikuwa ameshinda, hakuna wa kumtoa Ngara tena. Na maneno alikuwa nayo, ohoo, maneno ya kumwaga. Miaka yote hii ya miwani ya jua na viganja vya askari wa barabarani. Alikuwa ameyapanga yote, makali yote, na mtu wa kumwagiwa alikuwa pale mbele yake, hana pa kukimbilia.

Naeem hakuwa amesogea. Alikuwa amekaa vile vile, viwiko juu ya meza, anaiangalia mbao kuanzia mbele yake hadi kwenye tundu na kurudi. Miwani yake ilikuwa juu ya kichwa. Bila miwani macho yake yalikuwa ya Sahar, ya Sahar kabisa, na Shahida alichukia kwamba hakuwa amelitazama hilo siku nyingi.

"Shangazi," akasema.

"Sema."

"Kichwa chake kilikuwa upande gani?"

Shahida aliyatafuta maneno yake makali asiyapate hata moja.

"Hapo," akasema. "Hapo ulipoweka viwiko."

Naeem aliinua viwiko kwa uangalifu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alisimama, akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti. Kisha akaanza kuondoa sahani, moja moja, bila kuzigonganisha.